Mafiga ya Mama Katika Sebule ya Minto

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa sabuni na brashi ya waya. Nalisema mapema, kwa sababu siku lilipotokea niliwatwika watu wengine wawili, tena kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani.

Nyumba yetu iko Minto, mtaa ulio nyuma ya maghala, dakika chache kwa mguu kutoka kituo cha treni. Tulihamia watu watatu: mimi, mama yangu, na binti yangu ambaye bado alikuwa akivaa sare ya shule ya msingi. Baba yake tulimzika kabla ya kuja Australia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kizamani, na kitu cha kwanza kumkodolea mtu macho akiingia sebuleni kilikuwa meko ya mawe yaliyomeza ukuta mzima. Mawe ya rangi ya biskuti, mengine yamechomoza, mengine yamezama, na juu yake rafu nene isiyokaa kitu bila kuyumba. Aliyeyajenga alipenda mawe kupita kiasi, kwa kuwa hata yaliyombakia aliyarundika uani, kando ya uzio, yakaota kuvu.

Mimi niliyachukia tangu siku ya kwanza. Mama aliyapenda siku hiyohiyo. Alisimama mbele yake na koti lake la msaada, kubwa kuliko yeye, akainama, akachungulia dohani, akaguna.

“Banamuzungu banajua moto,” akasema. “Lakini sufuria inakaa wapi? Kwa kichwa yangu?”

Kesho yake nikarudi kutoka kazini nikamkuta amekwenda kwenye lile rundo la uani, amechagua mawe matatu, ameyapanga ndani ya meko. Kwetu Bukavu tuliyaita mashiga, na wengine huyaita mafiga: mawe matatu yanayobeba chungu. La nyuma aliliweka kwanza, kwa mkono wake, akaniambia nisiliguse. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Jiwe la nyuma huwekwa na mwanamke mwenye nyumba, na anayezoa majivu hulizunguka, halisogezi. Jiko la umeme lilikuwa jikoni, jipya, linang'aa. Nikamwonyesha. Akaniambia hilo ni langu.

Basi miaka yote ile, kila majira ya baridi, maharage ya nyumba yetu yalipikwa sebuleni. Mama alimaliza sala ya asubuhi, akawasha kuni za mkaratusi tulizonunua kwenye magunia, akabandika sufuria, akakaa kwenye kigoda chake hadi mchana. Kengele ya moshi iliyoko darini aliivalisha kofia ya plastiki ya kuogea. Mimi nikiivua, yeye akiivika. Tulipigana vita hivyo bila kutamka neno, na sijui ni nani aliyeshinda, ila najua kofia zilikwisha dukani.

Binti yangu akirudi shule alikuja kukaa miguuni pa bibi yake, ambaye alimwita Koko, akafanya kazi za shule kwa mwanga wa moto, taa ya umeme ikiwaka juu ya kichwa chake. Mama alimsemesha Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiingereza, na wote wawili wakaendelea tu, hakuna aliyeona ajabu. Sufuria ikifurika, maji ya maharage yalimwagikia mawe, na papo hapo harufu ya moshi ilipanda ikajaa nyumba. Mtoto aliziba pua. Mama alicheka hadi akakohoa. Leo ningetoa hata mshahara wangu niisikie tena ile harufu ikichanganyika na kile kicheko.

Mama alifariki baridi ya mwaka juzi, hospitalini Campbelltown. Siku mbili kabla, akili yake ikiwa timamu kabisa, alinishika kiganja.

“Siku ule mutoto ataolewa,” akasema, “utamupatia ile jiwe ya nyuma. Weye unasahaulaka. Usisahau hii.”

Nikamwahidi. Hakuwa na dhahabu wala kitenge kizuri cha kurithisha. Mafiga yake ya kweli yalibaki katika nyumba tuliyoikimbia, chungu kikiwa juu yake. Haya ya Minto ndiyo aliyoyapata badala yake.

Tangu mazishi sikuwasha moto tena. Mawe matatu yalikaa mahali pake, meusi tititi upande wa ndani, na mimi nikayapita kila siku nikienda kazini.

Kisha mwaka huu binti yangu akaniletea habari za kijana. Wazazi wake, Warundi wanaokaa Mount Druitt, walitaka kuja kujitambulisha na kuzungumza. Tukapanga Jumamosi. Na hapo binti yangu akaitazama sebule kwa macho ya mkwe.

“Mum, it's so dated,” akasema akionyesha meko. “Hata rangi tu. Please.”

Yaani yamepitwa na wakati. Sikubisha, maana nilikuwa nimelisema hilo tangu tunahamia. Tukampata fundi wa mawe, mzee Mlebanoni mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alipima, akaandika, akaeleza. Angeng'oa yale mawe yaliyochomoza na ile rafu, angepiga lipu ukuta uwe laini, aupake rangi nyeupe, kisha aweke rafu nyembamba ya mbao. Nikamwambia vizuri. Nikamwambia pia, kwa kuwa pipa kubwa la taka lingekuwapo, achukue na lile rundo la mawe la uani, na jiwe lolote lisiloshikwa na saruji. Kuhusu mafiga sikumwambia kitu. Kwangu yalikuwa wazi mno hata kuyasemea. Nani asiyejua mafiga?

Sasa sikia nilivyoharibu. Siku moja kabla ya fundi kuanza, nilirudi kutoka kazini, nikayaangalia meko, nikaona haya. Masizi kila mahali! Mgeni anaingia nyumbani kwangu kesho, mzee wa watu, akute uchafu huu aseme nini? Kwamba anakuja kuyabomoa, hilo halikunipitia kichwani hata kidogo. Mimi nimelelewa kwamba mtu akija kwako, awe mkwe, awe fundi, awe mtu wa kusoma mita, anakuta pamefagiliwa. Nikapiga magoti na ndoo, sabuni ya unga na brashi ya waya. Nikasugua ukuta, nikasugua sakafu ya meko, kisha nikayasugua mafiga ya Mama, moja baada ya jingine, bila kulisogeza la nyuma hata inchi moja. Nilijisifu kwa hilo. Maji meusi nikamwaga uani ndoo nane. Nilipomaliza, mawe yalikuwa na rangi ya biskuti kama siku alipoyaokota.

Fundi alipofika asubuhi alisimama mbele ya meko yale, akanitazama, akayatazama tena. “Lady, very clean,” akasema. Nikajiona malkia. Nikamwachia chupa ya chai na maandazi kwenye sinia, nikaenda zamu yangu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, binti yangu akabaki naye.

Nilirudi saa tisa alasiri. Ukuta ulikuwa umeanza kupigwa lipu, mzuri kweli, laini. Nikainamisha kichwa kuangalia ndani. Patupu.

Nikauliza mafiga yako wapi. Binti yangu akanyoosha kidole dirishani, kwenye lile pipa la taka mbele ya nyumba, refu kama gari, limejaa mawe hadi ukingoni. Kesho yake asubuhi lori lingekuja kulichukua. Nikaja juu. Nilimwambia hana akili, nilimwambia hana bibi, maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka najificha uso. Nikampigia simu fundi ambaye alikuwa ameshaondoka, nikampa vidonge vyake kwa Kiingereza changu cha hasira, ambacho hakina nyakati wala mpangilio. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa upole, kwamba niliagiza atoe mawe yote yasiyoshikwa na saruji. Aliyakuta matatu yamelala ndani, hayana masizi, kama yale ya uani. Kama angeona masizi, akasema, angeuliza. Kwao kijijini nyanya yake naye alipikia kuni.

Nikakata simu. Sikuwa na wa kumlaumu tena isipokuwa ile brashi ya waya, na brashi ilikuwa na mwenyewe.

Nikapanda kwenye pipa na viatu vyangu vya kazini. Mawe yenye saruji nikayatupa upande mmoja, hayo yalikuwa ya ukutani. Lakini yaliyobaki yalikuwa yale ya uani, hamsini au zaidi, na matatu ya Mama yalitoka katika rundo hilohilo. Nililishika moja nikadhani ndilo. Nikashika jingine nikadhani ndilo. Miaka yote nimeyapita, nimeyazoa majivu pembeni, nimeyasugua jana tu kwa mikono hii, na nilikuwa siyajui. Nikakaa juu ya mawe, nikalia kwa sauti. Jirani akafungua mlango, akaufunga.

Binti yangu alitoka nyuma ya nyumba akivuta mpira wa maji. Nikadhani anataka kuniosha kama mbwa.

“Shuka, Mama,” akasema. “Unakumbuka maharage yakifurika?”

Sikumwelewa. Akaanza kuyalowesha mawe, akayapanga kwenye majani moja moja kama mtu anayeanika samaki, akapiga magoti, akayanusa. Msichana wa ofisini, kucha zimepakwa rangi kwa ajili ya wakwe, pua yake juu ya jiwe. Akanusa, akasukuma. Akanusa, akasukuma. Haya ya uani yalinuka udongo na kuvu. Ndipo na mimi nikapiga magoti, tukaanza kila mmoja upande wake.

La kwanza nililipata mimi. Lilikuwa limekunywa maji, na kutoka ndani yake, mahali ambapo brashi haikufika, ikatoka harufu ya moshi wa mkaratusi, kidogo tu, kama mtu anayepumua usingizini. Nililikumbatia. La pili alilipata yeye. La tatu likatusumbua. Tulirudia safu zote, jua likashuka nyuma ya maghala, magoti yakaloa. Niliogopa kwamba limekwenda chini ya yale ya saruji, kwamba ndilo hasa lile la nyuma, na kwamba kuahidi kote kule kulikuwa bure.

Lilikuwa chini ya goti lake. Alikuwa amelikalia muda wote. Aliligeuza, akalimwagia maji, akainama. Hakuinuka upesi.

“Mama,” akasema. “Hii njo ya nyuma. Iko inanuka Koko.”

Kwa Kiswahili, kile kibovu kitamu cha bibi yake, neno kwa neno. Nikalinusa. Lilikuwa na moshi kupita yale mawili, upande mmoja tu, ule ulioukabili moto miaka yote ile. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyomwambia. Akasema, “It's okay,” akanifuta matope usoni kwa mkono uliokuwa na matope zaidi.

Jumamosi wakwe walikuja. Ukuta mweupe, rafu nyembamba, maua juu yake, na ndani ya meko mapya mawe matatu yamepangwa. Nilitaka kumwachia binti yangu aliweke la nyuma, akakataa, akasema bado ni nyumba yangu. Mama wa kijana alikaa, akazungusha macho kuta zote kwa adabu, kisha macho yakatua pale. Akamgusa mumewe. “Mashiga,” akasema kwa sauti ya chini, kwa kuwa hata wao kwao huyaita karibu hivyo. Hakuuliza lolote kuhusu ukuta wangu mweupe.

Walioana, na sasa wanakaa ghorofa ya nne, jiko la umeme, kengele ya moshi inayolia hata mtu akikaanga yai. Hakuna mahali pa moto. Siku ya kumpeleka nililibeba jiwe la nyuma kwenye mapaja yangu garini, nikamkabidhi, akaliweka kwenye baraza, kando ya chungu cha maua. Nililiangalia pale nikasikitika kidogo, nisidanganye. Nilidhani litakuwa jiwe tu.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha. Nilikuwa jikoni nachambua maharage, simu ikalia, na nilipoipokea sikusikia kwanza ila maji yakigonga baraza.

“Mama,” akasema binti yangu, “Koko iko hapa.”