Petroli ya Kwenda Bute

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Nilipewa kiti cha plastiki mlangoni mwa ofisi ya ustawi wa jamii, hapa Garissa, na Afisa Mkuu, mwanamume wa Kitaita aliyependa kuongea akiwa amekupa mgongo, akaniambia, "Kaa hapo. Mzee akiingia na mtu, usimwangalie mzee. Mwangalie yule mtu." Nilidhani ananichezea shere kwa kuwa ni mgeni, tena msichana. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na mengine yote niliyoyasoma chuoni yalikuwa maneno ya kuizunguka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mchana ule, bado amenipa mgongo. Nikaitika tu, kama unavyomwitika mkubwa.

Ninyi mnaoingia kazini sasa nawaeleza kwa ufupi. Wazee waliofikisha umri hulipwa ruzuku na serikali, na kwa mazungumzo tunaiita pesa za wazee. Katika miji midogo anayewalipa ni wakala, yaani mwenye duka aliyepewa mashine na benki. Mzee huweka kidole, mashine ikikitambua analipwa. Lakini wazee wetu walivuta kamba za visima maisha yao yote. Vidole vimelainika, havina mistari tena, mashine haioni kitu. Ndipo akawekwa mlezi: jamaa aliyeandikishwa kuweka kidole chake badala ya kile cha mzee. Ulinzi wote wa serikali ukaning'inia kwenye kidole cha mtu mmoja. Walezi wengi walikuwa watu wema, na hilo nalisema kwanza.

Kituo changu cha kwanza nje ya Garissa kilikuwa Ijara. Huko mfanyabiashara mmoja alikuwa akishika vitambulisho vya wazee kama rehani ya sukari na majani ya chai. Nilikwenda na mkuu wa polisi, vitambulisho vikatoka, wazee wakaniombea dua barabarani na mimi nikatembea kifua mbele wiki nzima. Mwizi wa nje ni kazi nyepesi. Unamshika, watu wanakupigia makofi, unarudi nyumbani kula.

Kisha nikapelekwa Wajir, na kutoka Wajir ndipo nilipokutana na Ayeeyo Dahabo wa Bute. Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali, na kila mtu alimwita hivyo. Ukame ulimaliza mifugo yake, kifo kikamaliza wanawe, akabakiwa na mjukuu mmoja, Isaak, mwanamume mzima wa kutafuna miraa na kusimulia. Isaak ndiye aliyekuwa mlezi. Alikuwa akichukua pesa zote na kumpelekea bibi yake sukari na unga kidogo. Nilipomkuta mara ya kwanza, mama yule alikuwa anashindia chai ya rangi, na dawa ya shinikizo la damu alikuwa amesahau hata ladha yake. Majirani ndio waliomtuma chifu kuniita.

Kazi yangu iliitwa uhakiki, yaani kuthibitisha mbele ya watu kwamba anayelipwa ndiye anayekula. Siku ya uhakiki nilikwenda na Mratibu wa kaunti, bosi wangu, mtu wa bara asiyejua Kisomali. Wazee wa Bute wakaketi, chifu akafungua kwa dua. Mratibu akamuuliza Ayeeyo kwa upole kabisa, "Mama, huyu Isaak anakuibia?"

Ayeeyo alikuwa na Kiswahili chake, alichokiokota zamani akiuzia askari maziwa. Akanyoosha shingo. "Hakuna mwizi hapa. Hii mtoto yangu. Mimi nimempa."

Wazee wakainamisha vichwa. Kwetu mwenye mali akishasema mbele ya watu kwamba ametoa, neno la wizi limekufa. Hakuna mzee atakayelifufua, maana atakuwa amemwita mama wa watu mwongo. Isaak alikuwa amesimama karibu na ua, anatazama viatu vyake.

Mimi nililifufua. Nilikuwa nimeona sufuria yake tupu, na sheria haikuniuliza nani alitoa, iliniuliza nani amelala na njaa. Nikaomba Isaak aondolewe kwenye ulezi, Mratibu akakubali. Jioni ile ile Isaak akafunga nguo zake na kupanda lori la Moyale, kwa aibu, bila kuaga.

Tukatafuta kidole kingine. Nilizunguka Bute nzima, nikanywa chai ya kila nyumba. "Edo," wakaniambia, yaani shangazi, "wewe ni mtu wetu, unajua. Nikikalia kiti cha Isaak, ukoo wake utasema nimemfukuza mimi." Hakupatikana mtu. Ikabaki njia moja: kila malipo yakitoka, afisa aende Bute mwenyewe, aweke kidole chake kwa wakala, pesa zifike mkononi mwa mama.

Hapo ndipo hesabu za serikali zilipoanza kuuma. Safari ilihitaji gari, dereva na askari wa kutusindikiza, kwa kuwa barabara ile haiendwi kienyeji. Fedha za safari huitwa masurufu: unachukua mapema, unarudi na stakabadhi. Mratibu akaniita ofisini.

"Dada, kaa. Petroli ya kwenda Bute na kurudi, posho ya dereva, posho ya askari. Ukijumlisha, tunatumia nyingi kuliko hizo anazolipwa. Si tumpe huyo mama petroli ale?"

"Mkubwa, tukihesabu hivyo, kila mzee aliye mbali ataliwa kwa sababu yuko mbali."

Akazungushazungusha kalamu. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," akasema. "Yule kijana angalau alikuwa anamjua."

"Alikuwa anakaribia kummaliza."

Akatia sahihi. Sikuwahi kumchukia mtu yule. Pesa ile ilikuwa ya watu wote, na yeye ndiye angeulizwa na wakaguzi.

Basi nikaenda Bute, nikarudi, nikaenda tena. Ayeeyo alilipwa zote. Ila kila nikifika nilimkuta amepungua. Safari ya mwisho alikuwa ndani, amekaa juu ya ngozi, mtungi umekauka. Alipofungua pindo la garbasaar yake, lile shali kubwa la mabegani, zilikuwamo pesa za safari iliyotangulia, zimefungwa vile vile nilivyoziacha. Jirani alikuwa akimletea uji akikumbuka.

"Ayeeyo, mbona hukununua chochote?"

Tulipokuwa wawili aliongea Kisomali. "Nimtume nani? Isaak alikuwa anachota maji. Alikuwa ananibeba asubuhi ananiweka kivulini, anakaa ananisimulia uongo wake wa Moyale mpaka jua ligeuke. Alikuwa mwongo sana." Akacheka, kisha akanishika mkono. "Wewe unalala wapi leo?"

"Wajir, Ayeeyo."

"Lala hapa."

Nje dereva alikuwa amekwisha washa gari. Amri ya askari ilikuwa moja: giza lisitukute njiani. Masurufu yalikuwa na kifungu cha petroli, cha posho, hata cha kuziba pancha. Kifungu cha kukaa na mtu hakikuwamo. Nilimwambia, "Nitarudi, inshallah," nikatoka. Ndani ya gari niliteremsha mtandio machoni na kulia mpaka tulipofika kizuizi cha polisi, na dereva, Mungu amlipe, akajifanya hanisikii.

Kabla ya malipo yaliyofuata chifu alinipigia simu. "Edo, usifunge safari. Ayeeyo ameomba lori, amemfuata Isaak Moyale."

Mratibu aliposikia alishusha pumzi, akasema faili lifungwe. Petroli ile ikapelekwa kwingine kulikohitajika. Mimi mpaka leo sijui kama mama yule alikula Moyale. Mkiniuliza kama ningefanya tena, ningefanya. Mtu hawezi kuachwa na sufuria tupu. Ila ningegombania kile kifungu kilichokosekana mpaka wanichoke.

Sasa nimestaafu. Wanangu wako mbali, wananitumia sauti kwenye simu, na simu huisha chaji kabla sijamaliza kuzisikiliza zote. Nyumba ni kubwa, na magoti hayanifikishi tena sokoni. Jirani yangu Ubah, mwanamke aliyeachika mwenye maneno mengi, ndiye anayenitolea pensheni na kuninunulia vitu. Bei anazonitajia hazipo soko lolote la Garissa. Lakini akirudi anavua viatu, anakaa, ananipa habari za mji mzima mpaka adhuhuri.

Juzi afisa mpya wa ustawi alibisha, msichana nadhifu, anatembelea wazee wanaoishi peke yao. Alikuja siku Ubah yupo. Nikaona jicho lake limeniacha, limekwenda kwa Ubah na mfuko wa sokoni. Amefundishwa vizuri.

Ubah alipoingia jikoni, akainama sikioni kwangu. "Edo, niambie ukweli. Huyu anakuibia?"

Nilitaka kumweleza habari ya Bute, ya barabara na kile kifungu. Nikatazama mlangoni, dereva wake alikuwa amesimama kando ya gari, anaangalia jua.

"Hakuna mwizi hapa," nikamwambia. "Mimi nimempa."