Arvo na Bunduki ya Mswidi

"Mimi nimeshakufa, shemeji. Hapa unaongea na maiti. Nenda kamwambie dada yangu kwamba umemuua ndugu yake kwa mkono wako mwenyewe, siku moja kabla ya msimu wa kuwinda, na kaburi langu nataka lichimbwe mbali na lako."

Aliyekuwa anasema hivyo ni Weikko Saari, na kwa maiti alikuwa na sauti nzuri sana. Alikuwa amesimama katikati ya kambi yetu, theluji inamdondoka viatuni, nyusi ya kulia imeungua, shavu lina madoa meusi kama mtu aliyemwagiwa pilipili manga. Bunduki yake kaishika mbali na mwili, kama unavyomshika mtoto aliyejichafua.

"Bunduki yako chafu," akasema Arvo. Hakuinua hata kichwa. Alikuwa mezani anafuta bunduki yake mwenyewe kwa kitambaa laini. "Ungekuwa unasafisha huo mtutu hata kila tukibadilisha rais, yasingekukuta."

"Chafu? Nimepiga moja tu, kuangalia kama darubini iko sawa. Bolti ya nyuma ikagoma kufunguka mpaka nikaigonga kwa gogo la kuni. Moshi umenirudi usoni, Arvo. Bunduki inatakiwa iteme mbele."

"Imekuiga wewe. Unatema kila upande."

Mimi nilikuwa jikoni nageuza soseji, nikacheka. Mashemeji hawa wawili wamegombana tangu siku Arvo alipomchumbia Sylvi, dada yake Weikko, na kuwasikiliza ndiyo burudani yetu. Televisheni kambini hatuna.

Huyu Arvo Pelkonen alikuwa fundi wa nyaya za umeme mpaka alipostaafu. Dhoruba ikiangusha nguzo, watu wote tukajifungia ndani na kahawa, yeye ndiye aliyekuwa anapanda. Vidole viwili vya mkono wa kushoto mpaka leo havisikii kitu, baridi ilivila. Si mtu wa maneno mengi, ila akikutania unakwenda kucheka kesho yake.

Huku kwetu Michigan ya juu, kwa wajukuu wa Wafini waliohamia kutoka Finland, mtu anaulizwa mambo matatu: wazee wako walitoka kijiji gani, kambi yenu ya kuwinda iko wapi, na unapiga risasi gani. Hilo la tatu ndilo zito. Watu wameachana na wachumba kwa sababu yake, na mimi nawajua. Arvo alikuwa mtu wa thelathini-sifuri-sita, risasi ndefu ya jeshi la zamani, ambayo baba yake aliizoea vitani na kumrithisha. Sisi tunaiita Sifuri-Sita. Kambi nzima tunapiga Sifuri-Sita, na wala si kwamba tulichagua. Arvo ndiye anayetupakilia.

Maana risasi ikishapigwa, ganda lake halitupwi. Arvo analiokota, anashuka nalo chumba cha chini nyumbani kwake, analisafisha, anatia kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, anapima baruti kwenye mizani, anaimwaga ndani, halafu anabana kichwa kipya juu. Kila vuli kila mmoja wetu alipata boksi lake. Za dukani hakuna aliyethubutu kununua. Ingekuwa kama kumwambia mkeo kwamba leo utakula hotelini.

Na alikuwa na sheria yake, moja tu, aliyotufundisha wote: mezani linakaa kopo moja la baruti. Kuna baruti ya polepole na kuna ya haraka. Ya polepole inakisukuma kichwa cha risasi, ya haraka inakipiga ngumi. Chukua kipimo cha polepole ukijaze ya haraka, bunduki inafunguka mbele ya uso wako. Ukitaka kujua inafungukaje, nenda baa ya Hilja pale njia panda. Juu ya kaunta umetundikwa mtutu uliochanika kama ganda la ndizi. Wageni wanapiga nao picha. Sisi hatuutazami sana, kwa sababu mwenyewe tunamjua. Yuko hai, upande wa pili wa ghuba. Ukienda kumsalimia, kaa kulia kwake, kushoto haoni.

Basi, huyo Arvo mwenye sheria yake akachoka.

Sisemi alizeeka, miguu yake ni mizuri kuliko yangu. Alichoka na Sifuri-Sita. Mwaka juzi aliangusha dume zuri la kulungu, pembe zake kama kiti cha kubembea, tukamkimbilia kumpongeza. Akalitazama kama unavyotazama bili ya maji.

"Nimepiga, limeanguka," akasema. "Kama kuwasha taa."

Mwaka uliofuata hakutoka nje kabisa. Alikaa kando ya jiko anacheza karata peke yake, na alikuwa anajiibia. Nikamuuliza kulikoni.

"Hii Sifuri-Sita najua itafanya nini kabla haijafanya," akaniambia. "Ni kama kukaa na mtu aliyemaliza hadithi zake."

Nilimsimulia Sylvi maneno hayo, mbele ya mumewe. Sylvi akamgeukia.

"Hapo ulisema bunduki au ulinisema mimi?"

"Bunduki."

"Umechelewa kujibu."

Tulicheka, lakini tuliogopa. Huku kwetu mzee akistaafu anabakiwa na msitu. Akiuacha na huo, hafiki masika. Tumewazika wenzetu Eino na Urho hivyohivyo, wote walikaa kando ya jiko msimu mzima wakasema hawajisikii. Daktari aliandika moyo. Sisi tulijua ni kile kiti.

Kwa hiyo Arvo alipokwenda kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja akarudi na bunduki ya Kiswidi, ile ya milimita sita na nusu, mtutu mrefu, mbao zimeng'aa kwa mikono ya watu waliokwisha kufa, tulifurahi kama tumeona mgonjwa ameomba chakula. Matani hatukumpunguzia. Mfini anapiga risasi ya Mswidi! Weikko alisema babu yake Arvo akifufuka akaiona, ataomba arudishwe.

"Mswidi ana adabu," Arvo akajibu. "Hakupigi begani. Anasema samahani, halafu anatoboa."

Akaanza kuamka mapema. Kila Jumapili baada ya ibada tulimkuta machimbo ya kokoto, bado na tai ya kanisani, anapiga shabaha za karatasi na kuzikimbilia kama mtoto. Alipungua tumbo. Alinieleza upepo, alinieleza mkunjo wa njia ya risasi, alinieleza mpaka nikaanza kumkwepa dukani.

"Nimeporwa mume na Mswidi," Sylvi akasema, "na wala simdai. Angalau anakula."

Lakini siku moja, tukitoka kanisani, Sylvi huyohuyo alinishika mkono wa koti.

"Siku hizi anapiga mluzi akipima baruti," akasema. "Zamani akipima, nyumba nzima tulikuwa hatupumui."

Nikamjibu kwamba mume mwenye furaha ni neema. Akaniachia mkono, akanitazama kidogo, akaenda zake kwenye gari.

Na ni kweli, kule chini mambo yalibadilika. Mswidi alihamia katikati ya meza, chini ya taa, maganda yake yameng'arishwa kama bibi harusi. Yetu yalikuwa pembeni ndani ya debe la kahawa. Ukimuuliza za msimu ziko wapi, anasema "Zenu nitazimalizia," kama mtu anayezungumzia vyombo vichafu vya jana. Alizimalizia kweli. Wiki ile ya mwisho kabla ya msimu alitugawia maboksi yetu huku anatueleza habari za Mswidi, na hata hakutuuliza kama mwaka huu tunataka vichwa vizito au vyepesi.

Hayo ndiyo yaliyotufikisha pale kambini, mchana ule, Weikko na nyusi yake moja.

Weikko alivuta bolti, ganda likaangukia mezani. Nikaliokota ili nikalichekee karibu na dirisha. Sikucheka. Fataki kitakoni ilikuwa imelala bapa kama sarafu iliyopitiwa na treni, na kuzunguka ganda, chini kabisa, kulikuwa na pete inayong'aa. Hapo ndipo ganda linapoanza kukatika. Aliyenifundisha kusoma kitako cha ganda ni Arvo, kwa hiyo nikampelekea yeye.

Akalishika kuelekea mwanga. Alilishika muda.

"Ganda limechoka," akasema. "Limepakiliwa mara nyingi."

"Haya ni mapya," Weikko akasema. "Ulituambia mwenyewe umenunua mapya."

"Basi kiwanda kimechoka."

"Arvo, usinichezee. Kama unaziamini hizi risasi zako, zipige mwenyewe. Bunduki hii hapa. Boksi hili hapa."

Aliyasema kama watu wanavyosema wakigombana, midomo ikitangulia. Lakini Arvo alikunja kitambaa chake taratibu, akamlaza Mswidi kwenye kitanda, akamfunika.

"Lete," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshachukua risasi moja kwenye lile boksi. Kambini tuna nyundo ya kufungulia risasi, unaifunga risasi kwenye kichwa cha nyundo, unaigonga kwenye gogo mpaka kichwa cha risasi kinachomoka. Nikagonga. Nikamwaga baruti kwenye sahani nyeupe, ile ya soseji, baada ya kuifuta.

Zilikuwa baruti mbili. Kulikuwa na punje ndefu za kijivu, hiyo ndiyo baruti yetu ya siku zote, ya polepole. Na katikati yake, nyingi tu, punje fupi nyeusi, ndogo kama mbegu za haradali zilizokatwa. Hizo ni za haraka. Hizo ni chakula cha Mswidi, kwa zile risasi nyepesi za shabaha.

Hata mtoto angeelewa. Mtu amemaliza kumpakilia Mswidi, yamebaki mabaki kwenye kipimio, makopo mawili yako wazi mezani, akayarudisha kwenye kopo la baruti yetu. Halafu akatumia kopo hilohilo kutupakilia sisi. Wote. Kiasi gani kimeingia kwenye risasi ipi, hilo hakuna anayejua. Moja inakuchoma nyusi. Ya jirani yake inaweza kukutundika kwenye baa ya Hilja.

Weikko aliinama juu ya sahani, akanyamaza. Nimemjua tangu mimi niko darasa la kwanza, sijawahi kumsikia amenyamaza, hata siku ya harusi yake.

"Shemeji," akasema, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Basi. Iweke chini. Mimi nilikuwa natania."

Arvo alikuwa ameshaishika bunduki ya Weikko mkono mmoja. Akaja kwenye sahani. Kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kile kisichosikia, akasogeza punje moja nyeusi mpaka ukingoni.

"Mwanga wa humu mbaya," akasema.

"Mwanga mzuri, Arvo," nikamwambia.

"Wewe kijana umejifunza lini kusoma baruti?"

Mimi nina miaka hamsini na nne. "Kwako," nikasema. "Kwenye meza yako."

Nilimwona anawaza, na nilijua anawaza nini, kwa sababu nilikuwa nawaza hilohilo. Akisema ndiyo, nimekosea, amekwisha. Si Sifuri-Sita tu, hiyo hata hivyo alikwisha kuichoka. Sylvi atafunga kile chumba cha chini, funguo ataweka kwenye mkoba. Mtu asiyeaminiwa kupima baruti ya wenzake haaminiwi kupima yake, na Mswidi hakuna duka la huku linalomuuzia risasi. Atarudi kwenye kiti kando ya jiko. Na akisema hapana, basi itabidi azipige mwenyewe aoneshe.

Akavaa koti. Akatia boksi mfukoni.

"Arvo, kaa tule kwanza," nikasema. "Soseji zinaungua."

Weikko alikwenda akasimama mlangoni. Ni mtu mkubwa, mlango ulijaa. Arvo akamsogelea mpaka pua zikakaribiana, akamtazama kama alivyokuwa anatazama nguzo kwenye dhoruba, kuona itahimili au haitahimili.

"Ulisema nizipige," akamwambia. "Sasa nipishe."

"Nimefuta. Mungu shahidi, nimefuta. Nipe bunduki yangu."

"Ni chafu. Nitakurudishia ikiwa safi."

Weikko aliushika mtutu. Wakavutana, wazee wawili, kimyakimya, mpaka kiwiko cha Weikko kikagonga ndoo ya majivu. Kisha akaachia. Unaweza kumlaumu, lakini wewe jaribu kuvutana na mtu kwa kushika mdomo wa bunduki usiyojua kama imebaki na risasi hizo ndani, tuone utashikilia mpaka lini.

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia yote. Arvo akashuka ngazi. Chini, kwenye theluji, alisimama akavaa vile vikinga-masikio vyake vya machimboni, akavikaza, akaanza kuelekea ile meza ya kupigia shabaha nyuma ya sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke.

Tukatoka mpaka kizingitini. Weikko alikuwa hana kofia, ile nyusi iliyobaki imeshaingia chembe za theluji.

"Shemeji," akaita. "Niambie kitu kimoja tu, sikusemi kwa dada. Ulipokuwa unamwaga, uliona zimechanganyika?"

Arvo alikuwa bado yuko karibu. Vikinga-masikio vile havizibi kila kitu, mimi nimevivaa, mtu akiita karibu unasikia. Aliitoa risasi moja mfukoni, akaigeuza kidogo kwenye mwanga, akaendelea kutembea.