Nyumba Niliyokagua Kisaju

Hii aibu bado inanichoma. Ajenti aliniambia nyumba anayouza Kisaju iko na geti jeusi, na kuna wanunuzi wengine watakuja kuiona, kwa hivyo niwahi. Sikujua mtaa mzima ni mageti meusi.

Nilipata moja iko wazi, na watu wamekaa kimya kwa viti vya plastiki. Nikajua hao ndio wapinzani wangu. Nikawapita bila salamu, mimi mjuaji. Nikagonga kuta, nikavuta maji ya choo, nikafungua kabati za jikoni. Hakuna aliyenizuia, hata mama aliyekuwa sebuleni, wenzake wamemshika mikono. Nikasimama kwa mlango wa chumba cha kulala nikasema kwa sauti, wote wasikie:

“Mama, usisumbuke na hawa wanunuzi wengine, hii naichukua. Huu ukuta nitauvunja, na hicho kitanda mtatoa.”

Simu yangu ikalia. Ni ajenti.

“Boss, mbona hujafika? Nakungoja hapa kwa geti.”

Nikageuka polepole.

“Mama, kwani hii nyumba ni ya nani?”

“Ni ya mzee wangu,” akasema. “Ametuacha leo asubuhi, kwa hicho kitanda.”