Salamu ya Lugalo

Leo nimeitikia salamu isiyokuwa yangu.

Nilikwenda Lugalo na mbwa wangu, Popo, kuuona ule mnara wa kumbukumbu ya Wadachi, yaani Wajerumani, waliouawa na Wahehe vitani.

Popo, bila haya, akainua mguu akaukojolea mnara! Nikamfokea, maana mzee mmoja alikuwa anakuja.

Mzee akavua kofia, akasalimu kwa Kihehe.

"Kamwene."

"Kamwene, babu," nikaitikia, nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya mbwa.

"Si wewe, mjukuu wangu. Nawasalimu babu zangu. Walifia vita hiyohiyo, hapo kwenye majani uliposimama. Wao hawakujengewa mnara."

Nikaruka pembeni kama niliyekanyaga moto.

Na huko pembeni nako, majani ni yaleyale.

Hivi jamani, ningekanyaga wapi?