Fahita za Dada

Dada yangu alifanya kazi miaka sita jikoni kwenye kambi moja ya watalii, kupita Sitalike. Aliporudi nyumbani kwetu Ilembo, Mpanda, mwaka jana, hakuja likizo. Saratani ya tumbo ilikuwa imeshamla, na madaktari walituambia tumuuguze nyumbani. Nikafunga genge langu la sokoni, nikawa namlisha uji kijiko kwa kijiko. Mara nyingi aliutapika.

Asubuhi moja akaniambia anatamani fahita za kamba. Sikuwahi kukisikia chakula hicho. Akanieleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache: kamba wanapakwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili, wanachomwa kwenye mkaa mkali, halafu wanafungwa ndani ya chapati nyembamba pamoja na hoho na vitunguu vilivyobabuka kidogo. Wageni walizipenda sana, alisema. Yeye alikuwa anaonja tu, amesimama. Hakuwahi kukaa akala yake nzima.

Mpanda tuna migebuka na dagaa wa ziwani. Kamba wa baharini utawatoa wapi? Nikampigia simu mpishi mkuu wa kule kambini. Akaniambia nimfuate Sitalike. Nikapanda bodaboda mpaka Sitalike, nikamkuta kando ya barabara ameshika kopo la kamba walioganda, amelizungushia magazeti. Hakuuliza hali ya mgonjwa. Alisema tu nisiwaache motoni wakakauka, na kwamba dada atajua.

Mama alipowaona kamba alisema yeye hapiki wadudu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Baada ya muda akarudi, akanawa mikono, akaanza kusukuma chapati.

Tulimtoa dada na godoro lake mpaka barazani, karibu na jiko. Nilipotaka kuwageuza kamba akainua kidole: bado. Nikangoja. Wakaanza kuwa wekundu pembeni.

"Sasa," alisema. "Haraka, mdogo wangu, usilale."

Kwa dakika chache ile ilikuwa sauti yake ya zamani, ya mtu mwenye jiko lake. Nikageuza huku naficha uso kwenye moshi.

Fahita yake aliimega mara mbili. Alitafuna muda mrefu, akameza. Mara ya tatu ikamshinda, akaisogeza sahani kwa mama.

"Kula wewe, mama. Nataka nimwone mtu amekaa, anaila."

Mama akakaa kwenye mkeka. Yeye ambaye hajawahi kuweka kamba mdomoni aliila fahita ile yote, machozi yanamtiririka, asibakize hata kipande cha hoho. Dada alimtazama mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama chumvi imekolea. Mama akaitikia kwa kichwa.

Dada alifariki Jumanne ya wiki iliyofuata, asubuhi, mimi nikiwa nimeenda bombani. Niliporudi na ndoo nilimkuta mama amemshika mkono, hajaita mtu.

Genge nimelifungua tena. Kila Jumapili akitoka misani mama hupitia makaburini kung'oa majani, na kila Jumapili ananiuliza kama tutaongozana. Namjibu wiki ijayo. Mpaka leo sijaenda.