Anayepakana Juu

Kwetu Umatengo babu akifa lazima arudi kwa wajukuu, kwa jina lake. Wetu alirudi mara mbili: kwangu, na kwa kaka yangu mtoto wa baba mkubwa. Jina la ubatizo nalo tukapewa lilelile. Kwa hiyo daftari la kahawa la ushirika lilipoandika jina na shamba langu, kaka akasema jina hilo ni lake, yeye ndiye mkubwa. Akavuna mibuni niliyoipanda kwa mikono yangu, misimu sita, na shamba lake mwenyewe alishaliuza kwa mchuuzi wa Kitai. Padri aliniambia nisamehe. Nilimwitikia kwa mdomo.

Basi ushirika ukafa, wanunuzi binafsi wakaja na magari yao, sisi tukaunda kikundi, na kikundi kikaletewa kompyuta. Mimi nilikuwa mlinzi wa mchana. Nimeishia darasa la nne, na hilo sikulimaliza kwa sababu ya funza, lakini habari za funza tuziache. Akaja mwalimu, dada mmoja wa Songea, kufundisha namna ya kupanga wakulima wote humo ndani. Katibu alichoka siku ya pili. Mimi nikabaki.

Tulianza na karatasi. Nikachora jedwali moja: jina, mke, shamba la kwanza, la pili, la tatu.

"Na mwenye mashamba saba, baba?"

"Nitaunga karatasi nyingine kwa ugali."

Alicheka sana. Akanichorea majedwali mawili. La watu, kila mtu na namba yake isiyorudiwa, hata majina yakifanana. La mashamba, kila shamba na namba yake, na pembeni namba ya mwenye shamba. Jina haliandikwi tena huko. Nikamwomba arudie hapo pa majina kufanana. Akarudia. Nilifurahi vibaya.

Ila namba ya nani itakaa kwenye shamba langu? Nikamshauri aongeze safu mbili: anayepakana juu, na anayepakana chini. Nikamwambia kwetu mlimani shamba hujulikana kwa jirani, na ni kweli. Sikumwambia kwamba kaka hajawahi kushika jembe kule. Huvunisha vibarua, yeye hukaa barabarani.

Siku ya kuandikisha kaka alikuja na koti. Nikamwamkia, shikamoo kaka, nikamuuliza anapakana na nani juu.

"Unaniuliza kama vile hupajui," akasema.

"Mimi napajua. Mashine ndiyo haipajui."

Akamtaja fundi seremala. Fundi mwenyewe alikuwa kwenye foleni, wa tatu. Akasema, "Mzee, mimi shamba langu liko mtoni. Huko juu mlimani umenipeleka lini?" Watu wakacheka mpaka nje. Chini kaka hakumtaja mtu. Nikaulizwa mimi, nikawataja majirani zangu wote wawili, nao wakasimama palepale kunithibitishia. Mwalimu akaandika namba yangu.

Kaka sikumfuta. Yumo kwenye jedwali la watu, na namba yake nzuri tu. Mwalimu aliponifundisha kuiuliza kompyuta maswali, hilo ndilo la kwanza nililolijua bila kusaidiwa: namba ya kaka, niletee mashamba yake. Kila asubuhi, kabla sijafagia, nilibonyeza. Tupu. Nikabonyeza tena.