Simu Ilisema Darasa Limefaulu

Saa moja asubuhi, ukungu bado haujaachia mashamba, na Mwalimu Zita ameshainama kwenye ngwe yake. Amevaa gambuti za kuazima, kanga kaikaza kiunoni, na jembe lake linakata magugu katikati ya mahindi yaliyomfika magotini. Udongo umelowa. Kila hatua anabeba tope la kutosha kukandika ukuta.

Ngwe ya jirani inapaliliwa na Edith, binti wa miaka kumi na minne. Mwaka jana alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la saba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeamkaje, Edith?"

"Salama. Mwalimu, leo usiniache mbali kama jana. Mama kanicheka mpaka basi."

"Ukipunguza maneno hutaachwa."

Edith anacheka, anatema mate viganjani, anashika mpini. Wanalipwa sawa, mwalimu na mwanafunzi: shilingi elfu nne kwa ngwe, na mchana ugali wa mwenye shamba.

Mwenye shamba ni Nestory, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka upande wa Kahama, kisha akaanza kulima. Mwanawe Enock alisoma darasa moja na Edith. Wote wawili hawakufaulu. Watoto hamsini na wanane walifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi katika shule ya kijiji hiki, mwendo wa pikipiki kutoka Mpui, upande wa Sumbawanga. Walifaulu kumi na mmoja. Mwaka uliotangulia, bila kambi ya masomo, bila mbwembwe zozote, walikuwa wamefaulu ishirini na sita.

Kijiji kizima kinajua nani aliwaandaa watoto wale. Kinajua pia aliwaandaa kwa kitu gani. Kwa simu.

Zita ana miaka thelathini na mmoja. Ni mzaliwa wa Kaengesa, katika nyumba ya wakulima wa ulezi, watu wa kanisani. Baba yake aliuza maksai wawili ili yeye asome ualimu. Alipata cheti, akaomba ajira serikalini, akakosa. Akaomba tena. Mwaka wa sita sasa anaomba. Alipochoka kukaa nyumbani akaja kujitolea katika shule hii, ambayo ina walimu wanne kwa watoto zaidi ya mia nne. Wazazi walikuwa wakimchangia sabini elfu kwa mwezi. Zilikuwa hazifiki zote, lakini zilikuwa zikija.

"Nilikuwa naitwa mwalimu," anasema. "Hata sasa wananiita. Ila zamani walikuwa hawacheki wakishaniita."

Mwaka jana mwezi wa tano, darasa la saba lilifanya vibaya mtihani wa majaribio wa wilaya. Kamati ya shule ikaamua iwekwe kambi. Watu wa huku wanaijua kambi: watoto wa darasa la mtihani wanahamia shuleni na magodoro yao, wanalala madarasani, wanasoma mchana na jioni, na akina mama wanapika kwa zamu. Kila kaya ilitoa debe la mahindi na sado ya maharage. Nestory, ambaye kabla ya hapo mwanawe Enock alikuwa akimchungia nusu ya wiki, alimtoa mtoto kwenye ng'ombe moja kwa moja na kuajiri mchungaji.

Kambi ikakabidhiwa Zita.

Hapo ndipo simu ilipoingia. Hellena, mwenzake wa chuoni anayefundisha shule ya binafsi mjini Sumbawanga, alimtumia programu ya kutunga maswali. Ukiiandikia darasa, somo, mada na idadi ya maswali unayotaka, inatunga yenyewe, inaweka majibu manne manne, inasahihisha, na mwisho inakupa alama kwa mia. Jibu likiwa sahihi, simu inapiga makofi.

"Kule kwa Hellena kila mtoto anakaa na kifaa chake," Zita anasema. "Aliniambia hilo. Nililisikia. Sikulifikiria."

Yeye alikuwa na simu moja, kioo kimepasuka, na watoto hamsini na wanane. Mashine ya kuchapa hakuna. Akabuni njia yake. Kwenye kona nne za darasa akaandika kwa chaki herufi A, B, C na D. Anasoma swali mara mbili, anasoma majibu, kisha anasema, "Haya!" Watoto wanakimbilia kona wanayoona ina jibu. Kona yenye watu wengi ndiyo jibu la darasa. Zita anaibonyeza hiyo kwenye simu, wote wananyamaza, na simu inaamua.

Makofi yakilia, darasa zima linaruka. Akina mama waliokuwa jikoni walikuwa wanaacha mwiko na kuja kuchungulia dirishani.

Wiki ya kwanza darasa lilipata arobaini na nane kwa mia. Mwezi ulipokwisha lilikuwa limefika themanini na saba.

Mwezi wa saba ukaitwa mkutano wa wazazi. Zita akasimama mbele yao na simu mkononi, akawasomea alama. Watu wakapiga makofi kuliko simu yenyewe. Nestory akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo simu inasahihisha yenyewe?"

"Yenyewe."

"Na haikosei?"

"Haikosei."

"Sasa hizi karatasi tunazochangia kila mwezi ni za kazi gani?"

Watu wakacheka. Hadi siku hiyo, watoto walikuwa wakipewa mtihani wa kuandika kila Ijumaa, na kila mwisho wa mwezi mtihani uliochapwa Sumbawanga, ambao wazazi waliulipia. Mwenyekiti wa kamati, Kasmir, alisema swali la Nestory lina akili, fedha hizo zinunue maharage, na mitihani ya Ijumaa nayo iachwe. Mwalimu mkuu hakupinga. Ikapita.

"Nilinyamaza," anasema Zita. Amesimama sasa, mikono miwili juu ya mpini. "Nilikuwa na furaha. Mtu umekaa miaka mitano hakuna anayekutaka, leo ukumbi mzima unakupigia makofi, utasimama useme jamani subirini? Halafu nisidanganye, kusahihisha madaftari hamsini na nane kila Ijumaa kulikuwa kumenichosha. Nilipoambiwa basi, nilishukuru."

Tangu siku hiyo hadi mtihani wa taifa, hakuna mtoto wa darasa lile aliyejibu swali akiwa peke yake.

Katika darasa lile alikuwemo kijana mmoja mkimya, Gabriel, mtoto wa katekista. Gabriel alikuwa anajua. Na wenzake walijua kwamba anajua.

"Tulikuwa tunamwangalia Gabriel," anasema Edith, bila kuacha kupalilia. "Wala hatungoji afike konani. Akiinua kisigino tu, tunajua anaenda wapi."

"Wote?" anaulizwa.

"Enock alikuwa mbishi, siku za mwanzo anaenda kwake. Wakamzomea, wakasema anatuharibia alama. Akaacha."

Zita anasikia yote haya akiwa ameinama hatua chache kutoka hapo. Hakanushi. Anasema siku moja alimwona Edith mwenyewe akianza kwenda B, akageuza shingo, akamwona Gabriel yuko D, akakata kona mbio mpaka kandambili ikamtoka. Darasa lilicheka. Na mwalimu alicheka.

"Niliona utoto," anasema. "Nilikuwa naangalia kona ipi imejaa. Sikuwa naangalia nani yuko ndani yake."

Siku ya mtihani watoto walikaa kwa namba, kila mmoja na dawati lake, nafasi imeachwa katikati. Gabriel alikuwa mstari wa mbele karibu na mlango. Edith alikuwa nyuma kabisa.

"Nilisoma swali la kwanza," anasema Edith. "Nikageuka kumtafuta Gabriel. Msimamizi akaniambia, binti, tazama karatasi yako. Nikaitazama. Nikaitazama tu."

Matokeo yalipotoka, Zita aliyafungua kwenye simu ile ile. Alidhani amefungua shule nyingine, akafunga, akafungua tena. Kisha akaenda kukaa kwenye choo cha shule, kwa sababu ndiyo sehemu pekee yenye komeo kwa ndani.

Mkutano wa mwezi wa kwanza haukuwa mrefu. Nestory alizungumza wa kwanza.

"Simu ilipiga makofi miezi mitatu, sisi tukapika ugali. Sasa mbona imenyamaza? Mwalimu, hebu ibonyeze tuisikie."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha mwezi wa saba. Zita hakubonyeza kitu. Mama yake Edith, Monika, akasimama. Huyu hakucheka.

"Mwanangu alikuwa anarudi Jumapili anasema mama, tumepata tisini," alisema. "Nikamuuliza, wewe umepata ngapi? Akasema, sisi tisini. Na mimi nikaona sawa. Nikampa na kuku awapelekee. Mwalimu, mimi sikusoma. Wewe ulikuwa unajuaje kwamba mwanangu anajua?"



Kasmir alijaribu kutuliza. Alikumbusha kwamba uamuzi wa kuacha karatasi ulikuwa wa mkutano mzima. Sauti ikatoka nyuma: "Sisi ni wakulima, yeye ndiye alikwenda chuo." Ikaishia hapo. Mchango wa mwalimu wa kujitolea ukafutwa. Zita akarudisha ufunguo wa darasa, na chaki alizokuwa nazo mfukoni.

Angeweza kurudi Kaengesa. Binti yake wa miaka mitano analelewa huko na bibi yake. Lakini anasema hawezi kumtazama baba yake usoni. Mzee bado analima kwa jembe la mkono tangu maksai wale wauzwe, na kila akipiga simu anauliza, "Vipi, watoto wako wanaendeleaje?" Zita anajibu kwamba wanaendelea vizuri.

Kwa hiyo amebaki, anapalilia. Darasa la saba la mwaka huu lina watoto sitini na wawili, akiwemo mdogo wa Enock. Hisabati wanafundishwa na mwalimu mkuu, siku ambazo hajaitwa kikao wilayani.

Mchana, ugali ukiwa bado jikoni, Zita anatoa kwenye mfuko wa plastiki karatasi iliyokunjwa. Kumbe hajaifuta programu ile. Usiku uliopita aliiagiza maswali kumi ya hisabati, akayanakili kwa mkono, bila majibu ya kuchagua. Anampa Edith na kalamu.

"Ya nini, mwalimu? Mimi nimeshamaliza shule."

"Fanya tu."

Edith anapiga magoti juu ya gunia, anaandika, anakata, anaandika. Mara mbili anainua kichwa na kutazama pembeni, ambako hakuna mtu. Anapomaliza, Zita anasahihisha hapo hapo, kalamu juu ya paja.

"Ngapi?"

"Tatu."

"Tatu kwa kumi?"

"Tatu kwa kumi. Kugawanya hujui kabisa. Ulikuwa hujui tangu darasa la nne."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Zita anakunja karatasi.  Edith anaondoka wiki ijayo kwenda Kabwe, ziwani, kwa shangazi yake anayeanika dagaa. Monika ameshampata mtu wa kumpakia kwenye lori la mahindi. Watu wa kijijini wanasema afadhali, kule kuna kazi.

Jioni, wakati wa kulipwa, Zita akishapokea hela haondoki kama siku nyingine. Anabaki amesimama kwenye ua wa Nestory, ng'ombe wakiingia zizini. Ana ombi, na amelibeba siku nyingi. Anataka apewe darasa la saba alasiri moja kwa wiki, bure, bila mchango wowote. Rimu ya karatasi atanunua mwenyewe kwa hela ya palizi. Maswali yatungwe na simu, sawa, lakini kila mtoto akae peke yake, aandike kwa mkono wake, na yeye asahihishe moja moja. Akimpata Nestory, anaamini wengine watalegea, kwa sababu ndiye mwenye sauti.

Nestory anamsikiliza hadi mwisho. Si mtu mbaya. Anamwagiza mkewe amletee mwalimu maziwa.

"Mwalimu," anasema, "ng'ombe akinipiga teke, simchinji. Lakini simpi mtoto akamkamue."

"Naelewa, mzee."

"Unapalilia vizuri kuliko wote hapa. Kazi ipo mpaka mavuno. Hilo la shule liache."

Zita anakunywa maziwa yote, kwa kuwa kuyaacha ni kumtukana mwenye nyumba. Anashukuru kwa mikono miwili, anatoka.

Anasema ataomba tena mwezi wa sita, ulezi ukishavunwa, watu wakiwa wameshiba na hasira zimepungua. Atakwenda pia kwa Kasmir, na kwa Monika akikubali kumfungulia mlango. Anatembea haraka, mvua imeanza kunyesha, na karatasi ya Edith ameiweka kifuani ndani ya sweta isilowe.

"Ila mwezi wa sita utakuwa umebakiza miezi mitatu tu kufika mtihani," anasema. "Watoto sitini na wawili. Na hivi sasa hakuna mtu hapa kijijini anayejua nani kati yao hajui kugawanya."